Korongo Wawili wa Karatasi

Wacha nianze na uongo wangu, ndio tusizungushane. Mwaka wa pili nikihesabu ndege huku Soy, niliandika korongo wawili mahali ambapo sikufika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, boda akakataa kuingia ile njia ya udongo mweusi, na mimi nilikuwa na raba zilizokwisha soli. Tulikuwa na vituo kumi na viwili na nilikuwa nimemaliza kumi na kimoja. Msimu uliotangulia, kile cha mwisho kilikuwa na korongo wawili, dume na jike. Nikasema, ah, hawa nao wataenda wapi? Nikaandika 2. Nikaandika saa. Nikaandika hata mawingu.

Soy, kama hujawahi kupita, ni kituo kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kitale, kabla ya Matunda. Mahindi, maziwa, lori za mbolea. Ukikaa na wazee watakuambia habari za twiga, na hawakudanganyi. Hadi miaka ya 1970 twiga wa Rothschild walikuwa wanaishi hapa, kwenye shamba moja kubwa la ng'ombe lililokuwa likienda kugawanywa vipande. Mwaka wa 1974 ndama mmoja aliyepewa jina Daisy alipelekwa Lang'ata, Nairobi, na baadaye wengine wakahamishiwa Ziwa Nakuru. Leo watoto wa Soy wanalipa nauli kwenda kuona twiga ambao babu zao waliwafukuza kwa mahindi. Lakini angalau kuna mtu alihesabu, akajua wamebaki wangapi na wako wapi, ndio lori likajua pa kuja.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikuwa sababu, ila si sababu yote. Nilirudi nyumbani bila mpango, na mzee mmoja wa jirani, aliyechunga ng'ombe hapa tangu utotoni na sasa anasaidia kikundi kidogo kinachofuatilia korongo taji, akaniuliza kama macho yangu ni mazima. Hiyo ndiyo ilikuwa intavyu.

Alinifundisha kufika na kunyamaza dakika tano kabla ya kuinua darubini, kwa sababu ndege wanakuona kabla hujawaona. Kupitisha macho kutoka kushoto kwenda kulia, polepole, halafu kurudia. Kundi likiwa kubwa, unahesabu kumi, unakadiria ukubwa wa hizo kumi, kisha unaona zinaingia mara ngapi. Mtoto wa korongo ana kichwa cha kahawia na shavu lake halijawa jeupe. Ukimwandika kama mkubwa umefuta habari kwamba mwaka huu kuna waliozaa. Jioni unawangoja kwenye mti wanakolala, maana hawa ni korongo wanaoweza kushika tawi, tofauti na jamaa zao wengi duniani.

Yote hayo nilishika haraka. Kilichonichukua muda ni fomu. Fomu yetu ilikubali alama tatu: namba, sifuri, na mstari. Sifuri maana yake nilifika, nikakaa dakika ishirini, sikuona kitu. Mstari maana yake sikufika. Nilimwambia mzee hizo mbili ni kitu kimoja tu, kote hakuna ndege. Akasema, "Kijana, moja ni habari ya ndege. Nyingine ni habari yako."

Na hata sifuri haimaanishi hawapo. Labda walikuwa wamelala chini kwenye nyasi, wanaatamia. Ndio maana unarudi mara ya pili na ya tatu. Lakini sifuri imelipiwa. Kuna mtu alisimama pale akaloa.

Sasa turudi kwa wale wawili wangu. Nilikuwa na utetezi tayari, na bado nadhani si wa kipuuzi. Sensa ya kwanza ya wanyamapori ya nchi nzima, mwaka wa 2021, ilipata ndovu 36,280. Ongeza wawili, nani atashtuka? Tena uongo wangu ulikuwa wa kuwasaidia korongo. Tangu 2012 wamo kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mahali penye ndege panapata watetezi. Sijamwibia mtu.

Tatizo la kwanza ni kwamba sensa hiyohiyo ilipata korongo 15 tu. Hapo Kiswahili kinatuchanganya: namaanisha yule swala mkubwa anayeitwa pia korongo, ambaye Kenya nzima amebaki Ruma peke yake. Kwa 15, wawili si makosa madogo ya kalamu. Na kinamasi chetu si nchi nzima. Pale, wawili walikuwa ndio wote.

Tatizo la pili nilikutana nalo msimu uliofuata. Barabara ilikuwa kavu, nikafika. Kinamasi kilikuwa kimechimbwa mtaro katikati, maji yote yakielekezwa mtoni, na pale palipokuwa na mafunjo palikuwa na kabichi safi sana, lazima niseme. Kogo mwenye shamba alikuwa anapalilia. Nilimuuliza kuhusu ndege.

"Kong'ony? Hao waliondoka zamani, kabla ya ile mvua kubwa. Kwani nani alikuambia wapo?"

Mimi ndiye niliyejiambia. Kikundi kilikuwa na pesa ya kuongea na wenye mashamba wa vinamasi viwili tu mwaka ule, na hiki chetu hakikuchaguliwa kwa sababu kwenye karatasi kilikuwa kinaendelea vizuri. Sisemi mstari wangu ungezuia ule mtaro. Kogo ana wajukuu wa kusomesha, na kabichi inalipa. Ila hakuna aliyepata nafasi ya kukaa naye chini na kumsikiliza, kwa sababu korongo wangu wa karatasi walikuwa wamesimama pale wakilinda.

Nilishangaa jinsi uongo ule ulivyokuwa mwepesi, kisha nikakumbuka nilikoujulia. Chuoni tulikuwa tunasainiana rejista. Mimi nimelala hosteli, jamaa yangu anaweka jina langu, wiki ijayo namrudishia. Kwa karatasi nilihudhuria karibu kila darasa. Nilipoondoka, sidhani kuna mhadhiri aliyeona pengo.

Ilinichukua siku tatu kumwambia mzee. Yeye ni wa ukoo wa Moi (tulia, si siasa, ni jina la ukoo), na kong'ony ndiye mnyama wa ukoo wao. Nilitarajia laana. Nilikumbuka pia kwamba siku ile nilipoleta fomu, aliniuliza wale wawili walikuwa wanaangalia upande gani, na mimi bila kupepesa nikajibu, "Kitale."

Alisikiliza hadi mwisho. Akatoa fomu ya zamani, akapiga ile 2 mstari mmoja tu, ili ibaki inasomeka, kwa sababu haturuhusiwi kufuta. Pembeni akaweka alama ya sikufika. Akanipa kalamu nitie sahihi na tarehe ya siku hiyo, si ya zamani.

Halafu akauliza, "Na zile kumi na moja?"

Zile nilifika, zote. Nilimwambia hivyo. Akanitazama, nami nikatafuta kitu cha kumwonyesha, sikupata.

Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nilimkuta stendi ya Soy, darubini shingoni, na mkononi fomu mpya isiyoandikwa kitu. Tulianza na kituo cha kwanza.