Mshahara Si Sadaka

Wakristu wengi huogopa kusema juu ya haki zao kazini. Hujiuliza: «Je, si kiburi? Bwana wa kazi ndiye anayenipa chakula.» Wazo hilo si sawa. Mfanyakazi ametoa nguvu zake na siku zake. Mshahara ni deni, wala si sadaka. Papa Leo XIII alifundisha hivyo mwaka 1891 katika barua yake Rerum Novarum: kumnyima mtu mshahara wake ni zambi kubwa inayolilia mbinguni.

Sheria ya kazi ya Kongo, iliyotolewa tarehe 16 Oktoba 2002, inalinda haki hiyo. Mapatano yasipoandikwa, mfanyakazi hapotezi haki yake: yanahesabiwa kuwa hayana mwisho uliopangwa, mpaka kinyume chake kihakikishwe. Hawezi kufukuzwa bila sababu ya kweli. Mama anayejifungua ana majuma 14 ya mapumziko.

Basi, anayefanya kazi yake vema, akadai haki yake kwa ukweli na adabu, hatendi kosa. Tena anawasaidia wenzake walio wanyonge kuliko yeye.

Lakini, ndugu wasomaji, tuangalie na nyumba zetu wenyewe. Yuko mtu anayeinung'unikia kampuni kila jioni, na huku kijana anayemchotea maji na kumpikia hajalipwa miezi miwili. Kwa kijana huyo, bwana wa kazi ni nani? Sheria haikuandikwa kwa makampuni tu. Tumlipe huyo kwanza, ndipo twende kudai yetu.