Sabato ya Mpiga Muziki

Soma Kutoka 20:8-11 na Kumbukumbu la Torati 5:12-15. Amri ya Sabato inawataja akina nani?

Harusi imepangwa Jumapili asubuhi, Suji. Kamati imemkodi mpiga muziki kutoka Same mjini, ambaye si Msabato. Ili spika ziwe tayari mapema, anaelekezwa apandishe vyombo mlimani Jumamosi mchana, familia ikiwa kanisani. Mjumbe mmoja anapohoji, anajibiwa, "Yule hana Sabato. Tena kazi ndiyo riziki yake."

Jibu hilo laonekana la haki, lakini amri hailikubali. Haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Inamtaja mtumishi, mgeni, hata ng'ombe na punda, wala haiulizi imani ya mtu. Kumbukumbu la Torati linatoa sababu: Israeli walikuwa watumwa Misri, wakifanya kazi kwa amri ya wengine. Aliyekombolewa huko hawezi kununua pumziko lake kwa jasho la mwingine.

Ujumbe wa Sabato ulifika Giti, katika milima ya Pare, mwaka 1903. Lakini jirani huifahamu Sabato kwanza kwa jinsi anavyotendewa na wanaoitunza. Kamati inaweza kumwita mpiga muziki apande baada ya jua kuzama, imlipe nyongeza ya usiku na kumpa malazi. Hivyo riziki yake haipungui. Gharama hiyo si hasara. Ni sehemu ya utii.

Ni nani anayefanya kazi siku ya Sabato ili wewe upumzike?