Huzuni ya Mchomaji: Blenheim katika Ushairi wa Kiingereza

Swali la iwapo ushairi wa sifa unaweza kusema kweli kuhusu vita aghalabu hujibiwa kwa haraka: msifu huyanyamazia maovu, na kimya hicho ndicho uongo wake. The Campaign, utungo wa Joseph Addison, unalitatiza jibu hilo kwa kuwa haukunyamaza.

Mfalme Carlos II wa Uhispania alifariki mwaka 1700 bila mtoto, na falme za Ulaya zikaingia vitani kugombania urithi wake. Tarehe 13 Agosti 1704, kando ya mto Danube, katika kijiji cha Blindheim ambacho Waingereza walikiita Blenheim, majeshi ya Marlborough na Eugene wa Savoy yaliwashinda Wafaransa na Wabavaria. Watu takribani 30,000 waliuawa au kujeruhiwa, na wengi walizama mtoni. Kabla ya hapo, mwezi wa Julai, Marlborough aliamuru vijiji vya Bavaria vichomwe ili mtawala wake aiache Ufaransa. Hakuiacha.

Serikali ya Uingereza ilitaka ushindi huo uimbwe, na Addison akalipwa kwa cheo. (Cheo chenyewe kilikuwa kimeachwa wazi na kifo cha John Locke, jambo ambalo wanafalsafa hawapendi kukumbushwa.) Katika utungo wake vijiji vinateketea na mavuno yanaungua. Kisha jemadari anaingiwa na huruma: anasikitika kuona amri yake ikitekelezwa barabara. Dosari ya kimaadili imo hapa. Huzuni ipo, ila imehamishwa. Wenye nyumba wamepokonywa, akapewa aliyeamuru zichomwe. Wao hawana jina wala kinywa. Baadaye jemadari huyo huyo anafananishwa na malaika aiongozaye tufani kwa utulivu, akitimiza amri ya Mungu. Wasomaji waliokumbuka tufani ya Novemba 1703 walisisimkwa. Malaika haulizwi habari za waliozama.

Thackeray, katika riwaya yake Henry Esmond (1852), anamfanya askari aliyeshiriki vita hivyo amkabili Addison na kumlaumu kwa kuufunika unyama kwa madaha ya beti. Addison wa riwaya anajitetea kwamba sanaa ina mipaka ya staha. Lawama hiyo ina uzito, lakini inalenga kando kidogo. Moto ulionyeshwa, kinachobishaniwa ni nani anayelia mbele yake.

Shairi la Robert Southey kuhusu Blenheim, lililotungwa mwaka 1796, linaelekea kulirejesha chozi kwa mwenyewe. Mzee Kaspar anawasimulia wajukuu, walioleta fuvu la kichwa, jinsi nyumba ya baba yake ilivyochomwa akakimbia na mke na mtoto. Hata hivyo kila mara anarudia kwamba ulikuwa ushindi mkubwa. Mjukuu anapouliza ulileta faida gani, mzee hana jibu. Hatimaye aliyechomewa amepata kinywa, lakini maneno yaliyomo ni ya mchomaji.

Mhakiki angependa kuishia hapo na kumpa Southey ushindi dhidi ya Addison. Tarehe zinakataa. Southey aliteuliwa malenga wa mfalme mwaka 1813, na mwaka 1816, baada ya kuuzuru uwanja wa Waterloo, akachapisha utungo mrefu wa kuutukuza ushindi uliopatikana pale. Ni vigumu baada ya hapo kumsoma Kaspar kama mshamba tu asiyejua alisemalo.