Ngozi Iliyobaki: Sanda ya Lazaro au Mguu wa Yakobo?



Wiki hii nataka tuongee juu ya jambo ambalo watu huniuliza kando, ibada ikiisha, sauti ikiwa chini. Swali ni hili: mtu amepunguza kilo nyingi kwa muda mfupi, sasa amebaki na ngozi inayoning'inia tumboni, mikononi na mapajani. Je, ni makosa akitafuta pesa aende ikatwe? Wengine huuliza moja kwa moja: "Pasta, si hayo ni majivuno?"

Watu hawa wako kati yetu. Kuna aliyeambiwa na daktari kwamba sukari na presha zitammaliza, akaacha soda, akaanza kutembea kila asubuhi. Kuna aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Kuna anayedungwa Ozempic, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya wenye kisukari lakini siku hizi wengi wanaijua kwa sababu ya kukondesha. Njia ni tofauti, lakini wengi hufika mahali pamoja. Nguo mpya zinaingia vizuri, na wakizivua wanaona ngozi ya mtu mkubwa imevaliwa na mtu mdogo.

Kabla ya kuhukumu, tuelewe mwili unavyofanya kazi. Ngozi ina nyuzi za kolajeni zinazoipa nguvu na nyuzi za elastini zinazoirudisha ikivutwa. Ikivutwa kwa miaka mingi, nyuzi hizo huharibika, kama lastiki ya soksi iliyozeeka. Mafuta yakiondoka haraka, ngozi haina tena nguvu ya kuyafuata. Umri unachangia, na idadi ya kilo, na miaka uliyokaa na uzito ule, na sigara, na jua, na ulichorithi kwa wazazi. Kwa hivyo ngozi iliyolegea si ushahidi wa uvivu, wala si ushahidi wa imani ndogo.

Na kuna njia gani za kuitibu? Nazipanga kuanzia ya bei ya chini.

Ya kwanza ni mazoezi ya kuinua vitu vizito, pamoja na chakula chenye protini kama ndengu, maharagwe, mayai na omena. Misuli ikijaa, inachukua sehemu ya nafasi iliyoachwa na mafuta. Ongeza subira, kwa maana ngozi huendelea kujikaza kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, hasa kwa vijana. Na wewe ambaye bado unapunguza, usikimbie. Ushauri wa kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki.

Ya pili ni krimu. Hapa ukweli usemwe: krimu hulainisha ngozi kwa juu, lakini haiwezi kuondoa ngozi iliyozidi. Anayekuuzia kopo ukiwa na matumaini ya kupoteza mkunjo wa tumbo anauza matumaini tu.

Ya tatu ni mashini zinazopasha ngozi joto kwa mawimbi ya redio au ya sauti. Zinaweza kusaidia pale ngozi imelegea kidogo. Zile mikunjo kubwa haziziwezi.

Ya nne ni kisu. Kuna upasuaji wa kuondoa tu ngozi inayoning'inia chini ya tumbo, kuna wa kukaza na misuli ya tumbo pia, na kuna wa mikono na mapaja. Daktari mzuri atakwambia usubiri hadi uzito wako utulie, mara nyingi miezi 6 au zaidi. Kama unapanga kupata mtoto, atakwambia ungoje hadi umalize kuzaa. Kama unavuta sigara, atakwambia uache kwanza, kwa sababu inazuia kidonda kupona. Baada ya hapo kuna kovu refu, la tumbo linaweza kutoka nyonga hadi nyonga, na wiki kadhaa bila kubeba mtungi wala mtoto. Kuna hatari ya kidonda kuoza, maji kujaa chini ya ngozi, au damu kuganda mguuni na kipande kusafiri hadi mapafuni. Mwaka 2024 hapa Nairobi mama mmoja alifariki siku chache baada ya kuondolewa mafuta mwilini katika kliniki ya kibinafsi. Kwa hivyo kabla hujalala juu ya meza ya mtu, hakikisha yeye na kliniki yake wana leseni ya baraza la madaktari.

Hizo ndizo njia. Sasa turudi kwa swali la moyo.

Maandiko yana watu wawili ambao tunaweza kuwaweka karibu na jambo hili. Wa kwanza ni Lazaro. Alitoka kaburini akiwa hai kabisa, lakini bado alikuwa amefungwa sanda mikono na miguu. Yesu hakumwambia ashukuru kwa uhai na avumilie hizo nguo. Aliagiza afunguliwe. Wa pili ni Yakobo. Alishindana usiku kucha, akapata baraka, akaondoka akichechemea. Hatusomi popote kwamba aliomba mguu ule urudishwe ulivyokuwa. Alitembea nao, na kila hatua ilikuwa kumbukumbu ya usiku ule.

Wote wawili walibaki na alama ya kilichopita. Mmoja alihitaji kuvuliwa, mwingine alihitaji kutembea nayo. Kwa hivyo, mpendwa, sitakujibu kwamba upasuaji ni dhambi, wala sitakwambia kwamba ni haki yako. Nakuuliza tu: ngozi yako ni sanda, au ni mguu wa Yakobo?

Utajuaje? Angalia inakuzuia nini. Kuna watu ambao chini ya mkunjo wa tumbo ngozi haikauki. Inawasha, inachubuka, inatoa harufu, inapata fangasi, inapona na kurudi tena. Wengine hawawezi kukimbia wala kufanya kazi ya mikono bila maumivu. Hiyo ni sanda. Mtu huyo akienda kwa daktari haendi kwa majivuno, anaenda kama anayeenda na ngiri. Na nitasema wazi: kikundi chetu cha kusaidiana kikiweza kuchangia ngiri, kiweze kuchangia na huyu.

Lakini kama haikuumi wala haikuzuii, ila tu haifanani na picha za kwenye simu, hapo fikiria Yakobo. Pigano ulilopigana lilikuwa la kweli, na mwili umeweka kumbukumbu. Si lazima kila kumbukumbu ifutwe. Ukiamua kuifuta kwa pesa zako, baada ya kuomba na kuongea na mwenzako wa ndoa, mimi si mwamuzi wako. Hata hivyo keti kwanza uhesabu. Nilisoma biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na huko tulifundishwa kwamba gharama ya kitu inazidi bei yake. Unahesabu pia kile ambacho pesa ile haitafanya tena. Upasuaji huu ni laki kadhaa. Kama ni mkopo, riba inaendelea hata kovu likipona. Kama ni karo ya watoto, watoto ndio wamelipa. Na kama uzito haujatulia, ni kama kupaka rangi nyumba ambayo fundi bado anabomoa ukuta.

Katikati ya hao wawili yuko wa tatu, na huyu ndiye ananisumbua usingizi. Ngozi haimwumi, lakini aibu inamwuma. Dada mmoja aliniambia ameahirisha ubatizo mara mbili kwa sababu nguo zikilowa zitamshika mwili na watu wataona. Je, hiyo si sanda? Ni sanda. Lakini nani ameifunga?

Hapa kwetu mtu akiwa mnene tunamwita kwa unene wake. Akikonda haraka tunaanza kunong'ona: ni ule ugonjwa, ni bwana amemwacha, ni deni. Tunamshika mkono ukitikisika na kucheka, "Mama, hii nayo utaipeleka wapi?" Tunaona ni mzaha. Halafu anapotaja upasuaji, sisi wenyewe tunamwambia Mungu huangalia moyo! Ni kweli Mungu huangalia moyo. Lakini huyo dada haogopi macho ya Mungu. Anaogopa yetu. Akilazwa kwenye meza, apigwe nusukaputi, akatwe nyonga hadi nyonga kwa sababu ya midomo yetu, basi kisu kimemkata mtu ambaye hakukosa.

Tuangalie tena pale kaburini. Yesu ndiye alimfufua Lazaro. Lakini kazi ya kumfungua aliwapa watu waliosimama pale. Uhai hatuwezi kumpa mtu, sanda tunaweza kumfungua. Kuna ambaye atafunguliwa kwa mchango wetu wa hospitali. Kuna ambaye atafunguliwa kwa kanga nzito na wamama wawili wa kumsitiri akitoka majini, na ulimi uliofungwa. Hiyo ya mwisho haihitaji laki hata moja.

Ya kujadili katika vikundi vya nyumbani wiki hii: Ni neno gani juu ya mwili wa mwenzetu tumezoea kulisema kama mzaha? Na ni nani kati yetu anachechemea vizuri, bila aibu, ambaye tunaweza kujifunza kwake?

Mungu awabariki.