Je, Aliyefaulu Ndiye Ajuaye?

Vijana wenzangu, tuulizane waziwazi: mwanafunzi aliyefaulu bila kuelewa, amemdhulumu nani? Hakuingia na kikaratasi mfukoni wala hakuchungulia kwa jirani. Alichofanya ni kutafuta mitihani ya miaka mitano iliyopita pamoja na majibu yake, akayameza usiku mmoja, asubuhi akayatapika kwenye karatasi. Kwa lugha ya chuoni, kadesa. Mwalimu hakuibiwa kitu, na wa meza ya pili kapata maksi zake kama kawaida. Kosa liko wapi?

Mimi nasoma uhandisi wa majengo, na chumba changu kiko Mchikichini, mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo. Huku swali hili si la vitabuni. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakafukuliwa kwenye vifusi kwa siku kadhaa, na zaidi ya 20 walikufa. Kabla ya hapo, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36. Sisemi yaliangushwa na desa. Jengo huangushwa na mengi: zege duni, ghorofa za kuongezea, kuchimba chini ya msingi, mkaguzi asiyefika. Nasema tu kwamba tangu wakati huo, nikimsikia mtu akisema “bora tupite”, sicheki.

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja ananiona najifanya mwanafalsafa. “We sikia,” ananiambia, “mhandisi akiwa kazini anafungua kitabu, ana kompyuta. Nani anazikumbuka fomula zote? Mimi nikidisko, mkopo wa Bodi ndiyo basi, na nyumbani wananitazama mimi. Acha kwanza nipite. Kuelewa nitaelewa kazini.”

Hoja hiyo ina uzito, na atakayeidharau hajawahi kuwa tegemeo la nyumba. Hata fomula ni kweli hakuna azikumbukaye zote. Lakini kitabu humsaidia anayejua atafute ukurasa gani.

Chukua boriti iliyolala juu ya nguzo mbili. Ikielemewa inapinda: upande wa juu unabanwa, wa chini unavutika. Zege hustahimili sana kubanwa, ila kuvutwa haliwezi. Nguvu yake ya kuvutwa ni kama sehemu ya kumi tu ya ile ya kubanwa. Ndiyo sababu nondo kubwa huwekwa chini, zibebe ule mvuto. Aliyemeza anaondoka na maneno mawili: nondo chini. Sasa mpe roshani, ile inayochomoza ukutani na kushikwa upande mmoja. Hapo mambo yamegeuka, kinachovutika ni juu. Mtu wa desa akizilaza chini kama alivyozoea, hakuna atakayegundua maadamu mirunda ipo. Mirunda ikitolewa, ndipo.

Nani basi kadhulumiwa? Nadhani ni yule mama atakayepanga fremu chini ya roshani hiyo, miaka kumi ijayo. Hawezi kusoma mchoro, hana namna ya kunifanyia mtihani. Kilichopo kati yake na zege ni neno langu kwamba najua, na cheti changu ndilo neno hilo. Sisi tukihitimu tunasema tumekula nondo. Yeye anataka kujua zile nyingine ziko upande gani.

Kuna fundi mmoja hapa mtaani, aliishia darasa la saba. Nilimuuliza kwa nini roshani nondo zake hukaa juu. Akasema, “Sikiliza mdogo wangu,” akavua kandambili, akaikamata kisigino kwa mkono mmoja na kwa mwingine akaibonyeza ncha yake kwenda chini. “Angalia mpira wa juu unavyovutika.” Basi. Sisi tunafundishwa kwa Kiingereza, na mtu anaweza kupata maksi zote kwa maneno ya Kiingereza bila kuiona hiyo kandambili. Siku hizi najipima hivyo: nikishindwa kulieleza jambo kwa Kiswahili, kwa mtu asiye na sababu ya kunistahi, sijalijua.

Na kumbe hata kwa hesabu za mtaani, kumeza ni biashara ya hasara. Mwaka 2006 Wamarekani wawili, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha majaribio waliyowafanyia wanafunzi. Kundi moja lilisoma habari fulani na kuirudia. Jingine lilisoma, likafunga, likaandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Maana yake desa lenyewe halina dhambi. Lilelile, ukifunika majibu na kuhangaika na swali peke yako, linakuwa mwalimu.

Utasema muda hakuna. Najua wapo wanaofungua kitabu baada ya kufunga meza ya mitumba pale Karume. Ila saa mbili ni saa mbili: nusu saa kwa siku nne inakaa kichwani kuliko usiku mmoja wa kukesha. Zege lenyewe tunalipima likiwa na siku 28, halikomai kwa kukesha. (Siku ya kigodoro mtaani usijisumbue. Lala, au nenda kacheze.)

Mwenzangu hajakubaliana nami kuhusu yule mama wa fremu, anasema hamjui. La kufunika majibu kalikubali, kwa kuwa ana sapu wiki ijayo. Juzi alinisomea swali la roshani, akanyoosha mkono kulichukua desa. Nikamwambia funga kwanza, chora. Akachora, akafuta, akachora tena. Saa tano usiku akaniomba kandambili.