Macho kwa Mzigo



Wengi wetu tumepita Petite Barrière, pale Gisenyi. Kabla ya korona ya 2020, makumi ya maelfu walivuka pale kila siku kwa miguu. Mnawakumbuka akina mama wenye beseni za nyanya kichwani? Huyu anaita, yule anabadilisha franga, baiskeli ya mlemavu inapita na magunia; mama hageuki. Akigeuka, nyanya ziko chini, na mtaji wote ulikuwa huo.

Tangu M23 walipoiteka Goma Januari 2025, simu zetu hazinyamazi. Kuulizia ndugu si dhambi, jamani. Lakini habari moja inaletwa mara saba, nyingine ni ya uongo, hata katikati ya maombi. Mtoto anasema nasi, tunajibu “ndiyo” bila kujua amesema nini. Nehemia aliitwa mara nne ashuke bonde la Ono. Mara nne akakataa kuacha ukuta. (Angekuwa na simu, hatujui!)

Wiki hii, saa moja hadi saa mbili jioni, simu zizimwe. Tuwasikilize watoto kwanza, ndipo tuombe. Mwenye mgonjwa Goma aache namba ya jirani, ataitwa.