Kufuga Nyoka Mkubwa na Dhamana ya Mwenye Kumfuga

Yajulikana kuwa chatu si mgeni Unyamwezi. Wayeye, chama cha wakamataji nyoka wa Wanyamwezi na Wasukuma, tangu zamani humshika kwa mikono na kumchezea ngomani, nao hutibu walioumwa. Lakini mwaka 2012 Marekani ilipiga marufuku kumwingiza chatu huyu wa Afrika, pamoja na yule wa Burma. Kwani Florida watu walinunua wadogo kwa kuwapendeza, wakakua, wakawashinda, wakawatupa vinamasini. Uchunguzi wa mwaka huo ulikuta kuwa katika Everglades, walikokaa chatu muda mrefu, rakuni walioonekana njiani usiku wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99.

Wafugaji walinung'unika: aliyemfungia wake na kumlisha ana kosa gani, hata anyimwe kwa ajili ya mwingine? Hoja hii ina nguvu, wala si ya kupuuzwa. Katika madhehebu ya Shafii halali haiharimishwi kwa dhana tupu. Lakini tazama mwenye kumiliki paa wa mawindo kisha akamwachia: Imamu Nawawi katika Minhaji ameona kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa milki yake haiondoki. Ikiwa paa asiyedhuru hatoki mikononi kwa kufunguliwa mlango, basi itakuwaje chatu?

Na adhaniye kuwa madhara ya kiumbe mgeni ni jambo la mbali, amesahau njia ya misafara. Funza wa miguuni alishuka Angola mwaka 1872 katika meli iliyotoka Brazili, akavuka bara kwa nyayo za watu, na karne haijaisha akafika Bahari ya Hindi. Wapagazi wa njia ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji waliubeba mzigo usio na ujira, vidoleni. Na mpagazi asiye na vidole kazi yake imekwisha. Nahodha hakukusudia. Na ni nani aliyeulizwa?

Kwa hiyo mtawala akikataza hajaharimisha halali. Imamu Shafii amemfananisha kwa raia na msimamizi wa yatima.

Linabaki la nyoka mwenyewe, ambaye hakuomba kupelekwa Florida. Kumwua adhuruye kwaruhusiwa, bali si kumwacha sandukuni afe njaa. Habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfunga haifichikani. Aliyechoka na chatu wake ampeleke kwa maofisa wa wanyamapori.